Udaktari wa meno Marekani: utafiti una uzito gani kwenye maombi yako, na uufanyeje? (Mwongozo kamili)

Nianze na jibu ili anayetaka jibu tu alipate hapa juu. Kwa vyuo vingi vya udaktari wa meno Marekani utafiti sio lazima, kila mwaka wanachukuliwa watu ambao hawajawahi kukanyaga maabara ya utafiti, ila ukiwa nao na unaujua vizuri unakubeba kweli, na kuna vyuo vichache ambavyo ukienda bila utafiti utaonekana umepungukiwa. Hapo katikati ndipo watu wanapopotea, mmoja anakimbilia maabara huku GPA (wastani wa alama zake za chuo) inazama, mwingine anaacha nafasi nzuri iliyo pale pale chuoni kwake kwa sababu kaambiwa "meno ni kazi ya mikono, utafiti waachie wengine". Wote wawili wanaumia na inaniuma kuona hivyo, kwa hiyo nimeamua kuandika kwa urefu.

Wanapima nini hasa

Marekani ina vyuo vya meno zaidi ya 70 vyenye ithibati ya CODA (chombo kinachothibitisha ubora wa vyuo vya meno), na karibu vyote unaviomba kupitia mfumo mmoja unaitwa AADSAS, uko chini ya ADEA, chama cha elimu ya udaktari wa meno (vyuo vya Texas vina mfumo wao pia, TMDSAS). Ukituma, cha kwanza kuangaliwa ni GPA, hasa ile ya masomo ya sayansi, pamoja na alama za DAT, mtihani wa kuombea vyuo vya meno, ambazo tangu 2025 zinatolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600, ile ya zamani ya 1 hadi 30 imeondoka. Ukivuka hapo wanaangalia muda uliokaa kliniki ukimtazama daktari wa meno akifanya kazi, kujitolea kwako, ajira, uongozi, barua za wanaokufahamu na insha yako. Utafiti upo kwenye kundi hili la pili, na ndani ya kundi lenyewe kukaa kliniki kunautangulia karibu kila mahali.

Kwa hiyo GPA ikiwa chini sana utafiti hauiokoi, na DAT mbovu haifichiki nyuma ya makala. Lakini wanapobaki watu wengi wenye GPA zinazokaribiana na DAT zinazokaribiana, na hicho ndicho kinachotokea, kamati ya udahili inabidi iwatofautishe kwa kitu kingine, na hapo utafiti unaanza kuongea.

Sasa vipo vyuo ambavyo utafiti ni sehemu ya damu yao. Harvard, kilichoanzishwa 1867 kama chuo cha kwanza cha meno kuwa ndani ya chuo kikuu, UCSF (Chuo Kikuu cha California, San Francisco), Michigan, North Carolina, Pennsylvania, hivi vina maabara kubwa na vinapenda mtu aliyewahi kuonja hiyo kazi. Na kama unaomba programu ya kuunganisha DDS au DMD na PhD basi usijidanganye, utafiti wa muda mrefu ni lazima kabisa. (DDS na DMD ni shahada za udaktari wa meno zenye uzito uleule, ni jina tu chuo kilichochagua, usihangaike nalo.)

Kujua chuo chako kiko upande gani usitegemee maneno ya watu, fungua tovuti yao uangalie vitu hivi: ukurasa wa wanafunzi wapya unataja wangapi walifanya utafiti? Mwanafunzi analazimika kufanya mradi wa utafiti ili ahitimu? Kuna siku maalumu ya wanafunzi kuonyesha tafiti zao? Maprofesa wao wanapata fedha za NIDCR, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa meno iliyo chini ya NIH, taasisi kuu ya serikali ya utafiti wa afya? Ukikuta ndiyo nyingi, chuo hicho kinaujali. Ukikuta ukurasa mzima unaongelea kuhudumia jamii na kliniki za vijijini, masaa yako ya kujitolea yatakusaidia zaidi kuliko maabara.

Kwa nini wanajali wakati kazi yenyewe ni ya mikono

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs kuanza kazi akakuta wenyeji wengi waliokulia pale wana madoa ya kahawia kwenye meno, madoa ambayo vitabu vya wakati ule havikuyaeleza. Angeweza kuyazoea kama wengine walivyoyazoea. Yeye akaanza kuuliza, akazunguka miji mingine, akaona tatizo linafuata maji ya kunywa, na akaona pia kwamba meno yale yenye madoa hayaozi kirahisi. Jibu likaja 1931 pale mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yaleyale, akakuta floridi nyingi isiyo ya kawaida. Mwaka 1945 Grand Rapids, Michigan, ukawa mji wa kwanza duniani kuongeza floridi kwa makusudi kwenye maji ya mji. Yote hayo yalianzia kwa daktari wa kawaida wa kliniki aliyekataa kupita tu bila kuuliza.

Mtu wa aina hiyo ndiye anayetafutwa na kamati. Viwango vya CODA vyenyewe vinataka anayehitimu aweze kutafuta maandiko ya kisayansi, kuyapima kama yana ukweli, na kuyatumia kwa mgonjwa, kwa sababu kila mwaka daktari wa meno analetewa dawa mpya, gundi mpya, mashine mpya, na muuzaji anakuja na karatasi nzuri yenye grafu. Aliyewahi kukusanya data kwa mikono yake anajua pa kuuliza.

Kuna sababu nyingine ambayo waombaji wengi hawaifikirii. Mtihani wa leseni, INBDE, unatoa jibu la kufaulu au kufeli tu, hauna alama. Zamani alama za mtihani wa bodi ziliwatenganisha watu wanaotaka ubobezi, mfano kupanga meno au kutibu fizi, sasa hazipo, kwa hiyo programu za ubobezi zinaangalia vitu vingine na utafiti ni kimojawapo. Kama una ndoto hizo, bora ujue mapema kama unaipenda hii kazi au la.

Hatua ya kwanza: jipime kabla hujatafuta maabara

Kaa na ratiba yako kwa ukweli. Kama masomo ya kemia na baiolojia yanayumba, acha utafiti kwanza, piga msuli, urudi semista ijayo. Kama hujawahi kabisa kukaa na daktari wa meno kliniki, anza na hilo, maana ni vigumu kumweleza mtu kwa nini unataka kazi ambayo hujawahi kuiona kwa karibu, na vyuo vingi vinapendekeza kiasi cha masaa 100 hivi. Ukishakaa sawa hapo ndipo utafiti unaingia.

Halafu hesabu nyuma. AADSAS inafunguliwa Mei, unaanza kuruhusiwa kutuma karibu na mwanzo wa Juni, na vyuo vingi vinaita watu kadiri maombi yanavyoingia kwa hiyo anayechelewa anakuta nafasi za usaili zimepungua. Ukitaka Juni hiyo uwe na cha kueleza, anza angalau Septemba ya mwaka uliotangulia, na ukianza miaka miwili kabla ndio raha kabisa kwa sababu miezi ya mwanzo maabara huwa ni kujifunza tu vifaa viko wapi. Msimamo wangu ni huu: mwaka mzima sehemu moja, hata masaa 6 au 8 kwa wiki, unashinda maabara tatu za miezi miwili miwili. Kwa profesa aliyekuona mwaka mzima unapata barua yenye maneno, kwa aliyekuona wiki nane unapata barua ya heshima tu.

Hatua ya pili: chagua aina ya utafiti

Sio lazima uwe wa meno. Narudia hii kwa sababu watu wanakataa nafasi nzuri kabisa ya maabara ya samaki au ya saikolojia wakisubiri ya meno ambayo haiji. Kamati inataka kuona ulikuwa na swali, ukalifuata, ukakwama, ukafikiri. Ukipata wa meno ni nyongeza.

Kuna wa maabara, seli na bakteria na protini, unachukua muda na unakufunza mikono. Kuna wa kliniki, ambapo unapitia mafaili ya wagonjwa au picha za eksirei mkilinganisha matibabu, huu unaweza kwenda haraka zaidi lakini lazima upite mafunzo ya maadili na ya usiri wa taarifa za wagonjwa kabla hujagusa faili hata moja. Kuna wa afya ya jamii, mnakwenda shuleni kuhesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa na yaliyozibwa, na huo mimi naupenda sana kwa mtu wa meno kwa sababu unakuweka mbele ya mdomo wa mtu, halafu unajifunza kitu cha ajabu, kwamba wakaguzi wawili wakiangalia jino lilelile wanaweza kutofautiana, ndio maana kabla ya kuanza wanapimwa kwanza kama wanakubaliana. Na kuna mapitio ya makala zilizokwisha chapishwa, hayo hata kwa kompyuta tu unafanya, yanamfaa mtu ambaye chuo chake hakina maabara.

Hatua ya tatu: kuomba nafasi

Usisubiri tangazo. Nenda tovuti ya idara, chagua maprofesa kama kumi ambao kazi zao unazielewa hata nusu, soma makala moja ya karibuni ya kila mmoja, angalau ikisiri na mjadala wa mwisho, kisha mwandikie kila mtu barua pepe yake. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu kumi inajulikana tangu mstari wa kwanza.

Iwe fupi. Kwa maana hii hapa, uitafsiri kwa lugha ya chuo chako:

"Profesa, mimi ni mwanafunzi wa baiolojia mwaka wa pili na nalenga udaktari wa meno. Nimesoma makala yenu kuhusu namna asidi inavyobadilisha bakteria wa mdomoni, na sikuelewa kwa nini mlitumia sukrosi badala ya glukosi, ningependa kujifunza hilo. Nina masaa 8 kwa wiki, Jumanne na Alhamisi mchana, na naweza kukaa mwaka mzima. Niko tayari kuanza na kazi yoyote. Naambatanisha CV na matokeo ya masomo."

Swali moja la kweli, muda ulionao, utakaa kiasi gani. Basi. Hajajibu baada ya wiki moja, mkumbushe mara moja kwa upole. Akinyamaza tena endelea na mwingine, huwa wanafurika na barua, sio kwamba wamekudharau. Na usiwasahau wanafunzi wa PhD, hao ndio wenye kazi nyingi na wakikukubali mara nyingi prof naye anakubali.

Kwa wale wasio raia wa Marekani hapa kuna kitu muhimu sana, programu nyingi za kiangazi zinazolipwa na serikali, mfano zile za NSF (mfuko wa serikali wa sayansi) zinazoitwa REU, zinachukua raia na wenye ukaazi wa kudumu tu, kwa hiyo usipoteze wiki nzima kujaza fomu ambayo itakukataa kwenye swali la uraia, soma masharti kwanza. Njia yako nyepesi ni prof wa chuo unachosoma. Kama uko na viza ya mwanafunzi, F-1, unaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo hadi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujakubali malipo yoyote, na hata kabla ya kujitolea nje ya chuo. Usifanye kitu cha viza kwa kukisia.

Hatua ya nne: ukishaingia

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanamaliza mwaka maabara na hawawezi kueleza walichofanya.

Chukua mfano wa jaribio la kawaida kabisa kwenye utafiti wa meno, kupima utando wa bakteria, ule ule unaojenga utelezi kwenye jino asubuhi. Unaotesha Streptococcus mutans (S. mutans), bakteria wa kuozesha meno, kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, unawapa sukrosi, unaacha usiku kucha. Kesho yake unamwaga maji ya juu, unaosha visima, unaweka rangi ya zambarau, unaosha tena, unayeyusha rangi iliyoshika kwa asidi au pombe, kisha mashine inasoma ukali wa rangi: rangi nyingi, utando mwingi. Inasikika rahisi. Lakini ukiosha kwa nguvu utando unang'oka na namba zinashuka, halafu unaweza kudhani dawa yako imefanya kazi kumbe ni mkono wako. Ukiosha kidogo mno rangi inabaki kwenye plastiki na namba zinapanda. Ndio maana kuna visima visivyo na bakteria kabisa, vya kulinganishia, na kila kipimo kinarudiwa kwenye visima kadhaa, na jaribio zima linarudiwa siku nyingine.

Mwanafunzi anayeweza kueleza hayo, kwa nini visima vile vitupu vipo, kwa nini tunarudia, nini kinaharibika na ungejuaje, huyo amefanya utafiti hata kama hana makala. Aliyeosha sahani miezi tisa bila kuuliza kwa nini, bado hajaufanya. Kwa hiyo uliza. Kila kazi unayopewa jiulize: swali letu ni lipi, hii inalijibuje, na kama matokeo yakiwa kinyume tutasema nini.

Weka daftari lako. Tarehe, ulichofanya, kilichotokea, masaa. Masaa usiyaache yaje kukumbukwa Mei ya mwaka wa maombi maana hapo ndipo watu wanaanza kubuni, na namba ya kubuni inaonekana.

Ukifika miezi minne mitano hivi na unaaminika, omba kipande chako mwenyewe, hata kidogo. Halafu uliza kama unaweza kukionyesha kwenye bango siku ya utafiti ya chuo. Makala iliyochapishwa ni nzuri sana ila usiitegemee, inachukua muda mrefu na sehemu kubwa haiko mikononi mwako. Na jihadhari na majarida yanayokutumia barua pepe yakiahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, kamati ina watafiti ndani yake na wanayajua.

Hatua ya tano: barua

AADSAS inapokea barua hadi nne. Vyuo vingi vinataka maprofesa wa sayansi, vingine vinataka na daktari wa meno, sasa prof wa maabara anaingia pazuri sana hasa kama amekufundisha pia darasani. Mwombe mapema, Februari au Machi, ana kwa ana ikiwezekana, na umuulize wazi kama anaweza kukuandikia barua nzuri. Akisita mshukuru, tafuta mwingine. Akikubali mpe ukurasa mmoja wa ulichofanya, pamoja na ile siku jaribio lilipoharibika ukalitengeneza, hayo mambo yeye ameyasahau na ndiyo yanayofanya barua ionekane imeandikwa kwa mtu fulani.

Hatua ya sita: kujaza fomu

Utafiti una aina yake kwenye orodha ya uzoefu, na maelezo unapewa herufi 600 pamoja na nafasi, ni kidogo mno. Watu wanazimaliza kwa kueleza maabara inafanya nini. Mfano mbovu: "Nilishiriki katika maabara mashuhuri inayotafiti mikrobiolojia ya mdomo kwa kutumia mbinu mbalimbali za kisasa." Hapo wewe hupo. Afadhali hivi: "Tuliuliza kama zailitoli (kitu kitamu kinachotumika badala ya sukari) inapunguza utando wa S. mutans. Niliotesha bakteria na kupima utando kila wiki. Namba zangu za mwanzo ziliyumba, nikagundua naosha visima kwa nguvu tofauti, nikaandika utaratibu mpya ambao sasa maabara inautumia. Niliwasilisha bango chuoni." Swali, ulichofanya wewe, kilichobadilika. Andika bila misamiati mizito kwa sababu anayesoma anaweza kuwa daktari wa kliniki.

Kwenye orodha hiyo ya uzoefu unaruhusiwa kuchagua hadi sita ulio muhimu zaidi kwako. Utafiti uwemo kama kweli ulikugusa. Bango au makala yana sehemu yake kwenye mafanikio, weka huko, na kama makala haijakubaliwa useme haijakubaliwa. Kwenye insha ya herufi 4,500 usiweke utafiti kila mahali, isipokuwa kama ndio sababu kubwa ya wewe kutaka meno, insha ni ya "kwa nini udaktari wa meno" na kamati inalitafuta jibu hilo.

Hatua ya saba: usaili

Ukiandika utafiti jua utaulizwa. Jizoeze kuueleza kwa dakika mbili kwa mtu ambaye hajasoma sayansi, akikunja uso rudia hadi auelewe. Kisha jiandae kwa maswali magumu: mlipata nini, kwa nini muamini, udhaifu wa utafiti wenu ni upi, ungeendelea ungefanya nini. Swali la udhaifu ndilo linaloangusha watu, wanaanza kuutetea utafiti kama vile wanashambuliwa. Sema udhaifu wazi, mfano kwamba mlitumia bakteria wa aina moja wakati mdomoni wapo mamia ya aina. Na ukiulizwa kitu hukijui sema hukijui, kisha useme ungekitafuta wapi.

Huna utafiti kabisa?

Tulia, omba. Usiandike kazi ya darasani kama utafiti, mazoezi ya maabara ya kemia ambayo jibu lake liko kwenye kitabu hayahesabiki. Kama ulifanya mradi wa kozi ambao ulikuwa na swali lako na data yako, huo unaweza kuuweka, ukieleza wazi ulikuwa wa kozi. Imarisha unavyovijua: masaa ya kliniki, kujitolea kwa muda mrefu sehemu moja, kazi za mikono kama kuchonga, kushona au kupiga ala, hivyo vyote wanavithamini. Na jizoeze kusoma makala moja ya kisayansi kwa wiki, ili ukiulizwa mtazamo wako juu ya utafiti uwe na jambo halisi la kulizungumzia.

Orodha ya vyuo nayo uipange kulingana na hilo, vyuo vya utafiti mzito weka vichache, weka vingi vinavyolenga kliniki na huduma ya jamii.

Umeshatuma na umeanza utafiti baadaye?

Uzoefu mpya unaweza kuongezwa AADSAS hata baada ya kutuma, ila uliokwisha kutumwa huwezi kuurekebisha, kwa hiyo usitume kitu nusu nusu ukisema utakimalizia mbele. Kwa vyuo vinavyopokea taarifa mpya, waandikie barua pepe fupi pale tu kuna jambo, mfano bango lako limekubaliwa au umepewa kipande chako cha mradi. Vyuo vingine vinaandika wazi kwenye tovuti kwamba havitaki taarifa za nyongeza, hao usiwaandikie.